Anasa ya Nyikani na Mikono Iibebayo



Kila mwaka, katika miezi ya kusi, nyasi za Ndutu zikiisha kukauka na makundi ya nyumbu yakashika njia ya kaskazini kuyafuata maji ya Mto Mara, hushuka katika uwanja wa ndege wa Kilimanjaro wageni waliovaa nguo za rangi ya vumbi kabla hawajaliona vumbi lenyewe, ambao hawatalala Arusha zaidi ya usiku mmoja, wala hawatapanda gari la abiria, bali watachukuliwa kwa ndege ndogo hadi kiwanja cha Seronera au cha Kogatende, ndani ya Serengeti, na huko watakuta gari lawangoja, na ndani ya gari vitambaa vya kujipangusia uso vilivyolowekwa katika maji baridi na kutiwa manukato. Mgeni wa daraja hii hulipa aghalabu zaidi ya dola 1,000 kwa usiku mmoja, kila mtu na zake. Na wapo walipao mara mbili ya hizo. Mimi si mtu wa kuhusudu mali ya mwenzangu. Walakini liko swali lililonikaa moyoni muda mrefu, na jioni hii napenda tulitazame pamoja: fedha zile zanunua nini hasa?

Si simba. Simba wa Serengeti, akiisha kushiba akalala chini ya mgunga, hajui tofauti ya aliyemjia kwa ndege na aliyemjia kwa basi. Naam, kwa basi. Maana yapo mabasi yatokayo Arusha kwenda Musoma, yakipanda ukingo wa kreta ya Ngorongoro na kuikata mbuga katikati, na mama aliyepakata mtoto dirishani, kapu lake miguuni, huwaona tembo wale wale kwa nauli ya basi. Wala kiingilio hakielezi jambo, kwani kwa viwango vya miaka hii mgeni wa nje hutozwa Serengeti dola 70 kwa siku kabla ya kodi, katika msimu wa wageni wengi, na Mtanzania shilingi 10,000. Kutoka dola 70 hadi 1,000 pana masafa marefu, na katika masafa hayo yote hakuna mnyama hata mmoja aliyeongezwa.

Walioongezwa ni watu. Na ajabu yake ni kwamba waliopunguzwa nao ni watu.

Tuanze na walioongezwa. Mwezi wa Aprili mwaka 1909 alishuka Mombasa Theodore Roosevelt, ambaye wiki chache tu kabla ya hapo alikuwa rais wa Marekani, akifuatana na mwanawe Kermit na wataalamu waliotumwa na jumba la makumbusho la Smithsonian. Alipanda gari moshi, akakaa juu ya ubao uliofungwa mbele kabisa ya kichwa cha treni ili asipitwe na mnyama, na aliposhuka kituo cha Kapiti akakuta mahema yamekwisha kusimamishwa, bendera ya nchi yake inapepea, na wapagazi takriban 200 wanamngoja. Baba na mwana waliua wanyama zaidi ya 500, na habari hiyo imeandikwa na kuandikwa tena. Lakini mimi hunivuta jambo jingine dogo. Bwana yule hakuwa radhi kukosa kusoma hata nyikani, basi akachukua vitabu vipatavyo 60, Homer na Shakespeare wakiwamo, vyote vimejalidiwa kwa ngozi ya nguruwe, vikatiwa katika sanduku moja lenye uzito wa karibu ratili 60, ambao ndio mzigo kamili wa mpagazi mmoja. Miongoni mwa wapagazi wale walikuwamo Waswahili wa pwani, watu wa udhu na sala, na natumai hakuna aliyempasha habari mchukuzi wa sanduku lile kuwa amejitwika ngozi gani kichwani. Jioni mwenye vitabu alikoga maji moto katika kijihema kilichoshikizwa nyuma ya hema lake, naye mwenyewe ameandika kuwa kukoga maji moto katika nchi za joto ni karibu kuwa kitu cha lazima.

Sasa iondoe bunduki uweke kamera, umwondoe mpagazi uweke lori. Yaliyosalia hayakubadilika sana.

Nimepata kukaa jikoni mwa kambi moja ya mahema, si kama mgeni wa kambi bali kama mgeni wa mpishi, na kutoka huko nyuma niliiona anasa kwa upande wa mshono wake. Hema la mgeni lilikuwa na kitanda cha nguzo nne, zulia sakafuni, bilauri za kioo mezani. Lakini maogeoni hapakuwa na bomba. Nyuma ya hema palisimikwa mlingoti, na juu ya mlingoti palifungwa kapi na kamba, kapi kama zile tuzijuazo majahazini, na kwenye kamba ndoo ya turubai. Jua likizama huja kijana na ndoo mbili, moja ya maji yaliyochemshwa kwa kuni na moja ya maji baridi, akayachanganya, akayapima kwa kiwiko, akayamimina, akaipandisha ndoo hadi juu, kisha akasimama gizani amegeuza uso wake upande mwingine, akauliza kwa Kiingereza kama bwana au bibi yu tayari. Maji yale ni lita 20. Mgeni akiisha kujipaka sabuni kichwani yakamwishia, hupiga kelele. Na kabla kelele haijatua, kijana amekwisha kufika na ndoo ya akiba, kwa sababu tangu mchana, wageni waliposhuka garini, alimtazama kila mmoja urefu wa nywele zake.

Mkate nao. Mpishi mwenyeji wangu aliuoka ndani ya sanduku la bati, lililowekwa juu ya makaa na kupaliwa makaa mengine juu ya kifuniko, kama apaliavyo mpishi wa pilau ya harusi kule Tanga. Hakuwa na kipimajoto. Alikuwa akinyoosha kiganja juu ya bati, akihesabu kimoyomoyo, na akilazimika kuuondoa mkono mapema hupunguza makaa kwa koleo, mawili matatu, kisha hunyoosha tena. Mkate ukatoka umeumuka, umeiva kote, ukapelekwa mezani katika kitambaa cheupe, na wageni, walipoambiwa umeokwa nyikani pasipo umeme wala gesi, wakaupiga picha. Mpishi wakati huo alikuwa akiosha mchele wa chakula cha wafanyakazi.

Na dereva je, ambaye ndiye mwalimu wa safari nzima? Yeye huwaona tumbusi wakizunguka mbali akajua pana mzoga, na hutambua kwa mlio wa kanga na kwa masikio ya swala kuwa chui yu karibu. Hata ulimi wake umo kazini. Wanapopashana habari kwa redio za magari, madereva aghalabu hawamtaji simba kwa jina lake, maana tangu ile sinema ya vibonzo ya mwaka 1994, ambayo shujaa wake huitwa Simba, ni nadra mtoto wa Ulaya au Marekani asiyelijua neno hilo. Husema sharubu, mgeni aliye kiti cha nyuma akabaki ametulia, naye dereva akapata kufika mahali bila kuahidi, kwa kuwa simba aliyeahidiwa kisha akaondoka, lawama yake haimpati simba.

Nije sasa kwa waliopunguzwa. Raha ya pili inunuliwayo kwa fedha nyingi ni upweke: kutazama nyika kutoka upeo hadi upeo pasiwepo gari jingine, wala moshi wa jiko, wala mbuzi. Upweke huo hudhaniwa kuwa ni wa tangu kuumbwa kwa ardhi. Lakini una tarehe. Serengeti ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951 walikuwamo wafugaji wa Kimaasai na ng'ombe wao, na mwaka 1959 mipaka ilipochorwa upya, Ngorongoro ikatengwa mbali nayo, wafugaji wale walitakiwa kutoka Serengeti wakae upande wa Ngorongoro. Miaka hiyo hiyo profesa wa Kijerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walikuwa wakiwahesabu wanyama kutoka angani kwa ndege iliyopakwa mistari ya punda milia. Michael alianguka na ndege hiyo Januari 1959, akazikwa ukingoni mwa kreta, na filamu yao ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Ilikuwa kazi ya mapenzi makubwa, na msiba wao haukuwa mdogo. Walakini tangu hapo ulimwengu ulizoea kuitazama nchi ile kana kwamba hapakupata kukaa mtu.

Fauka ya hayo, wenye kuja kutazama nyumbu wakivuka Mto Mara ni wachache wajuao kuwa wingi ule una historia ya watu ndani yake. Sotoka, maradhi yaliyoingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, iliua ng'ombe na nyumbu pamoja, na iliendelea kuwaua ndama wa nyumbu hadi ng'ombe wa vijiji vya pembezoni walipochanjwa, maradhi yakakatika mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nyumbu waliokuwa kama 250,000 wakati ule walizidi milioni 1.3 kabla miaka ya 1970 haijamalizika. Maana yake, tamasha lile liuzwalo kwa dola ni kwa sehemu kubwa tunda la sindano waliyochomwa ng'ombe wa wafugaji, na wafugaji wenyewe hawamo katika picha. Na habari ya kuwahamisha watu haijafungwa: tangu mwaka 2022 familia za Ngorongoro zimekuwa zikipelekwa Msomera, wilayani Handeni, serikali husema wahamao wanahama kwa hiari, na wengi katika wakazi na watetezi wao hulikana neno hilo.

Simaanishi kwamba anasa ni haramu. Sisi watu wa pwani, tufukizao udi nguo za kuvaa saa moja tu harusini, hatuna ulimi wa kumsuta mtu apendaye raha. Tena mapato ya Serengeti na ya Kilimanjaro ndiyo yatunzayo hifadhi nyingi zisizoweza kujitunza, na ahadi iliyotolewa Arusha mwaka 1961, Mwalimu Nyerere akiwa mbele yake, ya kuwahifadhi wanyamapori kuwa amana, ingekuwa maneno matupu pasipo fedha.

Dosari niionayo mimi iko katika bahasha. Katika kambi nyingi sehemu kubwa ya riziki ya kijana wa maji na ya mpishi wa mkate huachiwa bakhshishi, itolewayo siku ya mwisho, kwa kadiri ya furaha ya mgeni. Na furaha ya mgeni hutegemea mambo yasiyo katika uwezo wao. Chui akionekana, bahasha hunenepa. Mvua ikinyesha siku tatu, tope likalishika gari na chui asionekane, bahasha hukonda, ijapokuwa maji yalikuwa moto vile vile na mkate uliumuka vile vile. Mwenye kambi atozaye dola 1,000 kwa ajili ya mikono hiyo na ailipe mikono hiyo ndani ya dola hizo, kwa mshahara ulioandikwa, na bakhshishi ibaki kuwa jamala, si kima.

Na ninyi wasikilizaji, msidhani kwamba kwa kuwa mbuga ile yauzwa ghali kwa wengine basi si yenu. Jikusanyeni, ndugu au majirani au walimu wa shule moja, mkodi gari dogo la abiria, mchukue blanketi, maana baridi ya Ngorongoro si ya mchezo, na chakula cha njiani. Na kila mtu abebe kitambulisho chake cha taifa, kwa sababu karani wa langoni atataka kukiona ndipo amtoze kwa shilingi.