Shingo, Ulimi na Mkono: Lini Mtoto Aanze Kula



Swali linalorudi kila mara katika kliniki yetu, hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, ni hili: mwanangu analia sana, nimwanzishie uji? Tumezoea kumjibu mama asubiri miezi sita, na jibu hilo ni sahihi. Nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani ziliafikiana juu ya umri huo mwaka 2001, baada ya miaka mingi ya kutaja miezi minne hadi sita. Lakini mama anayerudi nyumbani na namba tupu, mtoto analia, jirani anamwambia maziwa yake ni mepesi, atakoroga uji jioni hiyohiyo. Leo nataka tumsome mtoto mwenyewe, kwa maana mwili wake husema akiwa tayari.

Kulia hakusemi hivyo. Wala kuamka usiku, kunyonya ngumi au kuota jino. Mtoto wa miezi mitatu au minne huwa na siku za kudai ziwa bila kupumzika, na mama huona maziwa yamekwisha. Hayajaisha. Maziwa hutengenezwa kadiri yanavyonyonywa. Uji ukiingia, mtoto ananyonya kidogo, maziwa yanapungua kwelikweli, na mama anaamini kwamba alikuwa amekisia vema.

Ishara za kweli hukutana karibu na mwezi wa sita. Shingo imekaza, na mtoto akiegemezwa anakaa bila kuanguka upande. Ulimi umeacha kusukuma: ukimtia mtoto mdogo kitu kinywani, ulimi hukitoa nje, na hiyo ni kinga aliyozaliwa nayo ili asipaliwe. Wengi hudhani ameikataa ladha. Mkono nao unakiendea kitu, unakishika na kukifikisha mdomoni. Aliyezaliwa njiti huweza kuchelewa. Huyo aangaliwe pamoja na mhudumu.

Hapa kwetu kuna kikwazo ambacho vitabu havikitaji. Mtoto hushinda mgongoni, ndani ya kitenge, na mgongoni huwezi kuiona shingo yake. Kwa hiyo kuanzia mwezi wa tano, jioni, tandika mkeka, mketishe kati ya miguu yako, weka kijiko safi mbele yake, umtazame. Kichwa kinayumba? Mkono unakifikia kijiko, au unapapasa hewa? Siku chache za kutazama namna hiyo zitakueleza mengi kuliko kilio cha usiku mzima.

Kwa nini tusitangulie? Maziwa ya mama sehemu kubwa ni maji, hivyo mtoto hahitaji hata maji ya kunywa, na kila kikombe hapa kinategemea usafi wa ndoo iliyopangwa foleni kisimani. Uji wa mapema huleta kuhara. Kwa mama mwenye virusi vya ukimwi, kuchanganya maziwa na vyakula vingine kabla ya miezi sita huongeza hatari ya maambukizi kwa mtoto. Malawi ilitangulia dunia mwaka 2011 kwa kuwapa wajawazito wote wenye virusi dawa za kuvifubaza kwa maisha yao yote. Tusiidhoofishe kazi hiyo kwa kikombe cha uji.

Kuchelewa nako kuna madhara. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto huelekea kwisha karibu na miezi sita, na maziwa peke yake hayawezi kuijaza. Hapo uji mweupe mwepesi haumfai. Mahindi tunayoyakoboa mpaka unga ung'ae yameacha sehemu kubwa ya chuma kwenye pumba. Uji wa Likuni, unaobeba jina la misheni iliyo pembezoni mwa Lilongwe, uliongezewa soya ili uwe na lishe zaidi. Nyumbani unaweza kutia karanga zilizotwangwa laini, dagaa wa usipa waliosagwa, mchicha wa lengalenga, maharage yaliyopondwa, au yai. Yai halimfanyi mtoto achelewe kusema, kama wengine wanavyodhani. Uji uwe mzito, usimwagike upesi kijikoni, mara mbili au tatu kwa siku, na ziwa liendelee. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 37 ya watoto wa Malawi walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na udumavu mwingi hujengeka katika miaka miwili ya kwanza.

Sasa niseme linaloniuma. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994, palipokuwa gereza la kisiasa la enzi ya rais Kamuzu Banda. Ilipangiwa watu wasiozidi 12,000 hivi. Leo tumepita 50,000. Mwaka 2023 wakimbizi wengi waliokuwa na maduka mijini walirudishwa hapa. Mama aliyepoteza duka anatoka alfajiri kutafuta ganyu, yaani kibarua, mashambani, mtoto anabaki na dada yake ambaye naye bado ni mtoto, na kikombe cha uji. Mama huyu anajua habari ya miezi sita. Anachokosa ni nafasi ya kuitimiza, na kumhubiria tena ni kumwonea.

Maziwa yakikamuliwa kwenye kikombe safi chenye kifuniko, yakawekwa kivulini penye ubaridi, hukaa kwa muda wa saa nne, na dada anaweza kumnywesha mtoto kwa kikombe. Lakini hilo halitoshi. Mashirika yanayoita akina mama kwenye mafunzo na foleni yatenge mahali pa kunyonyeshea. Wenye mashamba wamruhusu mama aje na mtoto. Akina baba, mkipata ganyu ya kuitosha nyumba kwa wiki, mwacheni mama abaki na mtoto wiki hiyo.

Na wewe mama ambaye mwanao wa miezi minne atalia usiku wa leo, mpe ziwa, na kesho mlete kliniki apimwe uzito.