Kiongozi Aliyeshika Jembe

Cheo cha uongozi mtu hupewa kwa siku moja, lakini kufuatwa na watu ni jambo jingine. Mzee wa kanisa aweza kuketishwa mbele kila Jumapili, akasalimiwa kwa heshima na wakubwa kwa wadogo, na pasiwe na mtu hata mmoja atamaniye kuishi kama yeye. Kwa hiyo mazungumzo haya yahusu maisha ya Mkristo mmoja ambaye watu walimfuata kweli, naye ni Kanoni Apolo Kivebulaya.

Apolo alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864, na katika ujana wake alikuwa askari. Alibatizwa mwaka 1895. Kivebulaya ni jina la utani, maana yake kitu kilichotoka Ulaya, nalo alipewa kwa sababu ya koti alilokuwa akivaa. Jina hilo lachekesha kidogo, kwa kuwa ni wachache walioishi karibu na wenyeji kama alivyoishi mtu huyu.

Mwaka 1896 alitumwa Mboga, ng'ambo ya milima ya Ruwenzori, mahali ambapo sasa ni katika nchi ya Kongo na huitwa Boga. Walimu wawili wa Kiganda walikuwa wametangulia huko, wakashindwa. Chifu Tabaro alikataza watu wasiwape chakula, nao waliona kwamba kulima si kazi ya mwalimu. Basi njaa ikawarudisha. Apolo alilima. Alijipatia chakula kwa jasho lake, akajenga nyumba ya kusalia kwa mikono yake pamoja na wale wachache waliokubali kumsaidia.

Jambo hili la jembe lisidharauliwe. Watu wa Mboga hawakuwa wamesoma kitabu chochote, lakini macho walikuwa nayo. Walimwona mgeni mwenye elimu akiinama shambani kama wao, na jioni akiwafundisha herufi watoto wa wakulima. Kabla hawajaelewa vema habari za Bwana Yesu kuwatawadha mitume miguu, walikwisha kuona jambo lenyewe likitendwa.

Wala asifikiri mtu kwamba upendo wa Apolo ulikuwa wa kuwapendeza watu wote. Alikemea ulevi waziwazi, na desturi ya kuoa wake wengi pia, naye Chifu Tabaro alijua kwamba maneno hayo yamgusa. Ndipo chuki ilipozidi. Apolo alipigwa hata akaachwa majanini, ikadhaniwa kwamba amekufa. Akauguzwa kwa siri akapona. Tena dada yake chifu alipokufa kwa bahati mbaya kwa kuangukia mkuki, Apolo alishtakiwa kwa kifo hicho, akafungwa gerezani. Hatia haikuonekana, akafunguliwa.

Hapo ndipo penye kipimo. Mtu aliyetendwa hivyo angeweza kuomba kupelekwa kwingine, na hakuna ambaye angemlaumu. Apolo alirudi Mboga, kwa watu wale wale na chifu yule yule, asidai kisasi. Tabaro alistaajabu sana. Mwishowe aliomba kufundishwa, akabatizwa, akaitwa Paulo. Hotuba alikuwa amezisikia tangu zamani, wala hazikumgeuza. Kilichomshinda ni kuona mtu aliyemtesa akimrudia pasipo kinyongo.

Apolo alifanywa kasisi mwaka 1903, akafanya kazi miaka mingi katika Toro kabla ya kurudi tena Mboga. Hakuoa, maana mchumba wake alikufa, na mali iliyomjia haikukaa mikononi mwake. Mwaka 1921, akiwa mzee wa karibu miaka sitini, wakati ambapo wengi hutafuta kivuli cha kupumzikia, alianza kazi mpya. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba alimwona Bwana Yesu ndotoni akimwagiza aende kwa watu wa msituni. Hao ni Wambuti, watu wafupi wanaoishi kwa kuwinda, ambao majirani zao waliwadharau. Apolo aliingia msituni, akaketi nao katika vibanda vyao, akawafundisha kwa saburi. Na wale waliojifunza aliwahimiza wawafundishe wenzao. Mwaka 1922 alipewa heshima ya kuwa Kanoni wa Namirembe. Heshima hiyo haikumtoa msituni.

Alipougua mara ya mwisho, alitaka kurudishwa Mboga afie huko, naye akafa tarehe 30 Mei, 1933. Alikuwa ameagiza kwamba wamzike kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, ijapokuwa haikuwa desturi, kwa kuwa kazi ya upande ule ilikuwa bado haijaisha. Wakamzika vivyo hivyo. Mwaka 1972 mahali hapo pakafanywa makao ya askofu, na kaburi lipo hapo hapo.