Uzi wa Kioo na Chupa ya Alizeti

(Hotuba iliyotolewa siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Segese)



Nimeombwa nieleze kazi yangu ya kutambua mafuta ya kula yaliyochanganywa. Si jambo dogo. Mwaka 1959, mjini Meknes nchini Morocco, mafuta ya kula yalitiwa mafuta ya injini za ndege, na watu wapatao 10,000 wakapooza. Hapa kwetu hofu ya kila siku ni nyepesi zaidi: alizeti kuongezwa mafuta ya pamba, kisha kuuzwa kwa bei ya alizeti halisi.

Mmeona fimbo ikitiwa majini huonekana kama imevunjika. Kila kiowevu hupinda nuru kwa kiasi chake, na kiasi hicho kina namba. Maji ni 1.33. Basi, huchukuliwa uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, ukamenywa ganda lake na kupakwa utando mwembamba, mathalani wa oksidi ya titani. Nuru hupitishwa ndani ya uzi. Sehemu ile ikizamishwa katika mafuta, nuru nyingine huvuja, na ile inayofika upande wa pili hubadilika kufuata namba ya mafuta hayo. Matone machache yatosha.

Lakini alizeti, kwa joto la digrii 40, ni kati ya 1.461 na 1.468, pamba ni kati ya 1.458 na 1.466. Zinaingiliana! Tena joto likizidi kwa digrii 10, namba hushuka kwa karibu 0.004. Jua letu la saa saba, nanyi mnalijua, laweza kuifanya alizeti ionekane pamba.

Nami nilisahau. Nilipima chupa ya mama mmoja sokoni, iliyoshinda juani, nikatamka mbele ya wateja wake kwamba imechanganywa. Nikainunua. Jioni niliipima tena pamoja na alizeti niliyoiona kwa macho yangu ikikamuliwa, zote zimepozwa katika beseni moja la maji. Hazikutofautiana hata kidogo.

Kesho yake nikaenda kumwomba radhi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe, mwanangu. Na wale wa jana utawaambia lini?"

Kifaa nimekuja nacho, pamoja na kipimajoto. Wanaopenda kukiona wanifuate maabara baada ya chakula.