Sikio Lijifunze Kwanza

 

Tuseme kijana mmoja wa huku Sigowet amepokea bonasi ya chai. Mkewe alitaka ng'ombe. Yeye amenunua mashine ya kutafutia metali ardhini, apate sarafu za zamani. Siku ya kwanza anaingia nayo shambani kwa nyanya yake, mahali palipokuwa na duka zamani. Mashine inalia kila hatua. Anachimba: msumari. Anachimba tena: kipande cha bati. Halafu kizibo cha soda. Jioni mashine inarudi sandukuni, na mkewe hasemi neno, jambo ambalo ni zito kuliko kusema.

Je, alidanganywa dukani? Sidhani. Mashine hutambua kwamba kuna metali. Kupambanua ni kazi ya sikio, na sikio haliuzwi pamoja na mashine. Udongo wetu mwekundu nao una chuma ndani yake. Basi kwanza atafute mahali pasipo na kitu, ainue na kushusha ile sahani ya chini, aitengeneze mpaka ardhi yenyewe inyamaze. Kisha azike sarafu anazozijua, kila moja kwa kina chake, moja ikisimama kwa ukingo, na msumari kando. Apite juu yake polepole, sahani ikikaribia nyasi, juma zima ikibidi. Sarafu iliyosimama hulia kwa unyonge. Msumari mara nyingi hutoa sauti iliyokatika-katika.

Mwaka 1881 Rais Garfield wa Marekani alipigwa risasi. Alexander Graham Bell, yule wa simu, akaleta mashine ya kuitafuta risasi mwilini. Katika majaribio ilifanya kazi vizuri. Kitandani kwa mgonjwa ikatoa sauti zisizoeleweka, na baadaye Bell akaambiwa kwamba chini ya godoro palikuwa na jingine la waya za chuma. Lakini linaloniuma ni hili: daktari mkuu aliamini risasi iko upande wa kulia, na huko ndiko alikotaka itafutwe. Garfield akafa mwezi wa Septemba. Risasi ilikuwa kushoto.

Ndugu yangu, mwanao aliyenyamaza nyumbani siku hizi, umemsikiliza upande gani? Yule mwanamke wa Injili aliyepoteza sarafu moja katika kumi hakuchagua pembe. Aliwasha taa akafagia nyumba.

Kijana wetu akivumilia, huenda akainua senti kumi ya tundu ya mwaka 1936, yenye jina la Mfalme Edward VIII, aliyetawala chini ya mwaka mmoja. Sura yake haimo; katikati pana tundu. Au shilingi ya kati ya 1921 na 1946, ambayo robo yake ni fedha halisi.

Ila aombe ruhusa kwa nyanya kabla ya kuchimba, asikate mizizi ya chai, na afukie kila shimo. Akipata kitu kilichotengenezwa kabla ya mwaka 1895, sheria ya Kenya ya 2006 inakihesabu kuwa cha kale. Asikiuze njiani, apeleke habari Makumbusho ya Taifa. Na ile misumari aitie mfukoni, maana akiirudisha shimoni, kesho italia tena.