Namba ya Shamba Lako Waijua?



Mwenzetu mmoja alifiwa na mumewe, na taito ya shamba haikuonekana. Mashemeji wakaanza kusema shamba liliuzwa zamani. Tulimchangia nauli, tukafuatana naye hadi ofisi ya ardhi. Huko tukaulizwa, "Namba ya shamba?" Hakuna aliyeijua! Tukarudi nyumbani, tukaipata kwenye risiti ya zamani.

Hapa Kenya, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 yaturuhusu kulipa ada, kufanyiwa sachi rasmi na kupewa nakala zilizothibitishwa. Sachi ikaonyesha jina la marehemu: shamba halikuuzwa.

Basi kina mama, taito yaweza kupotea, rejista ibaki. Leo mkifika nyumbani, andikeni ile namba kwenye kitabu cha akiba.