Mita 2,000 bila kuondoka ulipokaa

Wiki hii siasa nimeiweka pembeni. Nataka tuzungumze juu ya mbio ambazo mshindani husafiri mita 2,000 na mwishoni hukutwa pale pale alipokuwa amekaa. Nasema juu ya mashindano ya mashine ya kupiga makasia.

Mashine yenyewe wengi mmeiona hotelini au jimu, pengine mkadhani ni ya kunyooshea mgongo. Ina reli ndefu, kiti kinachoteleza juu yake mbele na nyuma, pahala pa kufunga miguu, na mpini uliounganishwa kwa mnyororo na feni iliyo ndani ya kasha. Ukivuta, feni inazunguka, na kadiri unavyovuta kwa nguvu ndivyo hewa inavyokukatalia. Mbele ya macho kuna kioo kidogo kinachotaja mita zilizobaki, idadi ya makasia unayopiga kwa dakika, na muda ambao ungetumia kumaliza mita 500 kwa mwendo ulio nao. Kioo hicho hakina haya wala upendeleo.

Mimi nimekula kwa pumzi yangu kwa zaidi ya miaka ishirini. Msomaji wa taarifa ya habari asiyejua pahala pa kuvuta pumzi hamalizi hata vichwa vya habari. Basi jimu ninayokwenda ilipotangaza mashindano madogo ya wateja wake, nikajiandikisha bila wasiwasi, ingawa mashine ile nilikuwa nimeijua majuma matatu tu.

Kengele ilipolia, nilivuta kama mtu anayetoa ndoo kisimani huku nyumba inaungua. Kioo kikasema dakika 1 na sekunde 58. Nikajiona. Jirani yangu, binti mfanyakazi wa benki, umri wa mwanangu wa kwanza, alikuwa anakwenda kwa dakika 2 na sekunde 20, nami nikamhurumia. Kocha akainama sikioni: "Mama, punguza. Punguza, mama." Nikaona kijana huyu ananidharau.

Mita 500 za kwanza nilizimaliza kwa dakika 2 na sekunde 6. Nilipokaribia mita 1,000, kioo kilikuwa kinasoma dakika 2 na sekunde 50. Kwenye mita 1,400 vidole vilifunguka vyenyewe, mpini ukarudi kwa kishindo, nami nikabaki nimeinama juu ya magoti. Yule binti alimaliza kwa dakika 9 na sekunde 16, akaja na chupa ya maji: "Pole, mama." Walipokuja kuniuliza jina langu ili walipange kwenye orodha, sikuweza kulitaja. Mimi, ambaye jina langu hulitaja hewani kila wiki!

Aibu ilikuwa nusu tu ya jambo. Nina presha, na daktari ndiye aliyenituma kwenye mazoezi. Usiku ule nilikaa kitandani nikihesabu mapigo ya moyo, nisithubutu kumwamsha mtu. Asubuhi nikarudi kwa daktari. Alinipima, akasema mazoezi niendelee nayo, lakini majivuno niyaache mlangoni. Na wewe msikilizaji uliyevuka arobaini, kapimwe presha kabla ya kukikalia kiti hicho.

Sasa tuone nilikosea wapi. Mwendo niliokuwa na uwezo wa kuumudu, kama nilivyokuja kujua baadaye, ulikuwa dakika 2 na sekunde 25 kwa kila mita 500. Mtu atasema, kati ya hapo na 1:58 ni sekunde 27 tu. La hasha! Hewa haihesabu hivyo. Kwenye mashine hii, ukitaka kwenda kwa kasi maradufu, nguvu inayotakiwa ni mara nane. Mwendo wa 2:25 unadai takriban wati 115. Ule wa 1:58 unadai zaidi ya wati 210. Kwa maneno mengine, nilianza mbio kwa karibu mara mbili ya nguvu zangu.

Na kwa nini mwili haukunionya? Kwa sababu misuli ina akiba ndogo ya nguvu ya papo kwa hapo, ya kama sekunde kumi hivi, ambayo haingoji mapafu. Ikiisha hiyo, moyo na mapafu bado vinahitaji dakika moja au mbili kushika kasi, na katika muda huo misuli inakopa. Makasia ya mwanzo huwa matamu kwa ajili hiyo. Kukopa harusi, kulipa matanga. Matanga yangu yalianza baada ya mita 600, na wapiga makasia wazoefu watakwambia kwamba mita 500 za tatu ndizo hukusanya madeni ya wengi.

Najua mtaniuliza: mbona Filbert Bayi alitoka mbele tangu mlio wa bastola? Ni kweli. Christchurch, mwaka 1974, aliongoza mita 1,500 mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2, John Walker wa New Zealand akimfukuza. Lakini Bayi alikuwa anaujua mwendo wake; mimi nilikuwa naukisia. Na hata yeye, kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, alitangulia mbali, na katika mzunguko wa mwisho Malinowski wa Poland akampita. Tukapata fedha badala ya dhahabu. Fedha ile naiheshimu, lakini kila nikiiona filamu ya mbio zile natamani kumwambia kitu.

Basi, Olimpiki hiyo hiyo ndiyo iliyochangia kuzaliwa kwa mashindano ya mashine. Marekani iliisusia Moscow, na wapiga makasia wake waliokuwa wamejiandaa wakabaki nyumbani. Wachache wao, mjini Boston, ambako mto Charles huganda wakati wa baridi, wakaanzisha mbio za ndani ya nyumba, nusu kwa mzaha, wakaziita CRASH-B. Mashine iliyozikuza mbio hizo ilitoka Vermont, ambako ndugu wawili, Dick na Pete Dreissigacker, waliunda ya kwanza mwaka 1981 wakitumia gurudumu la baiskeli. Mshindi hupewa nyundo. Hadi katikati ya miaka ya 1990 umbali ulikuwa mita 2,500, kisha ukawa 2,000, sawa na ule wa Olimpiki majini. Mwaka 2018, Joshua Dunkley-Smith wa Australia aliumaliza kwa dakika 5 na sekunde 35.8.

Nilirudi kwa kijana yule nikamwomba radhi. Akanipangia majuma kumi. Jumatatu, dakika 40 za pole pole, makasia 20 tu kwa dakika, kwa mwendo unaoniruhusu kuzungumza; nami nilijipima kwa kusoma vichwa vya habari kwa sauti, watu wakanicheka. Jumatano, mita 500 mara nne, baadaye mara sita, nikipumzika dakika tatu katikati. Hapo alikuwa na sharti moja: ya mwisho isiwe pole kuliko ya kwanza. Ikiwa pole, kosa ni la ile ya kwanza. Jumamosi, mita 1,000 mara mbili. Alinifundisha pia kusukuma kwa miguu kwanza, kisha mgongo, mikono mwisho. Na katika kurudi, mikono itangulie. Siku zote nilikuwa navuta kwa mikono, kama nilivyosema, mtu wa kisimani.

Akanishushia na ile swichi ya pembeni ya feni. Vijana huiweka kwenye 10 wakidhani ndio uanaume. Wanaoshindana wengi huiweka 3 hadi 5, kwa sababu kioo hupima feni inavyopungua mwendo na kuhesabu kwa haki. 10 haikupi mita za bure, inakuchosha mgongo tu.

Jumamosi iliyopita nikakaa tena kitini, binti wa benki kushoto kwangu. Makasia matano ya nguvu, kisha nikashuka kwenye mwendo wangu. Mwenzangu akatangulia, akaendelea kutangulia. Ilikuwa tabu kumwacha aende. Mita 500 za kwanza 2:24, za pili 2:25, za tatu 2:25, na hizo za tatu nilizipata kwa kuhesabu makasia kumi kumi na kutotazama popote. Za mwisho 2:20. Jumla dakika 9 na sekunde 34. Nikawa wa nne kati ya sita, nikalitaja jina langu mwenyewe mbele ya meza.

Kocha alipotazama hesabu akatikisa kichwa. "Mama, safari hii ulibakiza."

Mbio nyingine ni baada ya wiki sita. Nimepanga kuanza na 2:22.