Baraza la Wawakilishi na Usafiri wa Baharini: Hesabu ya Fedha na Hesabu ya Watu

(Maelezo ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba)



Usiku wa tarehe 9 kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, meli ya MV Spice Islander I iliondoka bandari ya Malindi, Unguja, kuelekea Pemba. Zilikuwa zimepita siku chache tu tangu Sikukuu ya Iddi el Fitri, na abiria wengi walikuwa wakirejea makwao pamoja na watoto wao, mizigo ya maduka na magunia ya mchele. Usiku wa manane meli hiyo ilizama katika bahari ya Nungwi. Kulipopambazuka liliulizwa suali moja ambalo halikuwa na jibu: meli ilichukua watu wangapi?

Uwezo wa meli ulikuwa abiria wapatao 600. Taarifa za mwanzo zilitaja watu mia kadhaa, na kila siku idadi ikapanda. Tume ya Uchunguzi iliyoundwa na Rais, ambayo ripoti yake ilitangazwa Januari, 2012, ilifikia hesabu ya watu zaidi ya 2,400. Maiti zilizopatikana ni 203. Watu zaidi ya 1,300 hawakuonekana tena, na nyingi ya familia hizo zilisoma hitma bila ya kuwa na kaburi.

Mazungumzo haya yanahusu kazi ya Baraza la Wawakilishi ya kuisimamia Serikali katika sera ya usafiri na miundombinu. Yameanza na meli hiyo kwa sababu msiba ule ulidhihirisha jambo ambalo vitabu vya uendeshaji wa Serikali havilitaji sana. Chombo cha kusimamia hakiwezi kuhoji kile ambacho msimamiwa mwenyewe hakukihesabu.

Baraza la Wawakilishi lilianza kazi mwaka 1980. Kwa mujibu wa Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, Baraza lina uwezo wa kuuliza masuali juu ya mambo ya umma, kujadili shughuli za kila Wizara wakati wa kikao cha bajeti, na kuidhinisha na kusimamia mipango ya maendeleo. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua matumizi, na taarifa yake hupitiwa na Kamati ya Baraza inayohusika na hesabu. Kamati za kudumu huwaita watendaji na hutembelea miradi. Aidha, Waziri asiyetoa maelezo ya kuridhisha wakati wa kupitisha mafungu huzuiliwa shilingi, na kila anayefuatilia vikao kwa redio anajua namna sauti ya Waziri inavyobadilika pale shilingi hiyo inaposhikwa.

Uwezo huo ni mkubwa. Hata hivyo, anayesikiliza kwa makini kipindi cha masuali na majibu atagundua kwamba mara nyingi kinachoulizwa ni barabara. Itajengwa lini kwa kiwango cha lami, mkandarasi amelipwa kiasi gani, daraja lililochukuliwa na mvua za masika litarejeshwa lini. Masuali hayo ni ya haki. Mwakilishi hutumwa na jimbo, na barabara ina jimbo lake. Ina urefu unaojulikana na ina shimo ambalo mpiga kura hulipita kila asubuhi. Bahari baina ya Malindi na Mkoani haina jimbo. Msafiri wa Pemba hupandia meli katika jimbo la mtu mwengine, na maji anayoyapita hayana Mwakilishi wa kuyaulizia. Ndiyo maana usafiri wa baharini, ambao kwa wakaazi wa visiwa ndiyo barabara kuu, uliweza kukaa miaka mingi ukizungumzwa zaidi baada ya ajali kuliko kabla yake.

Si kwamba sheria zilikosekana. Shirika la Bandari liliundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Mwaka 2006 ilipitishwa Sheria ya Usafiri Baharini, na mwaka 2009 sheria ya kuanzisha Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar. Mwezi Mei, 2009, meli ya MV Fatih ilipinduka na kuzama ndani ya bandari yenyewe ya Malindi, tukio ambalo lingetosha kuwa onyo. Sheria huweka viwango, hutaka ukaguzi, hutaka cheti kinachoonyesha idadi ya abiria. Lakini sheria haisimami penye ngazi ya meli. Anayesimama pale ni mtumishi wa bandari, askari, na karani wa kampuni, na mbele yao pana msururu wa watu waliokwisha kulipa nauli.

Yafaa ielezwe namna hesabu inavyopotea mahali hapo, kwani hapo ndipo sera nzima ya usafiri inapofaulu au inapofeli. Tiketi nyengine huuzwa na mawakala mjini, nyengine huuzwa gatini dakika za mwisho. Mtoto wa kubebwa hana tiketi. Mchukuzi hupanda na mzigo na huenda asishuke. Anayemsindikiza mama yake hupanda kumtafutia pa kukaa. Mzigo hupimwa kwa macho, na gunia linaloongezwa juu ya sitaha halionekani kuwa ni abiria, ingawa uzito wake huiathiri meli vile vile. Orodha huandikwa na mwenye chombo, ambaye faida yake inatokana na idadi ile ile anayotakiwa kuizuia. Ikiwa hakuna ofisa wa Serikali anayehesabu vichwa kwa mkono wake mwenyewe, karatasi inayofika Wizarani huwa ni maelezo ya mwenye meli, na jibu analolisoma Waziri Barazani huwa ni maelezo hayo hayo yaliyopigwa mhuri.

Ripoti ya Tume ilikwisha tangazwa, na bado haukupita mwaka. Tarehe 18 Julai, 2012, boti ya MV Skagit iliondoka Dar es Salaam kuja Unguja ikakumbana na upepo mkali na mawimbi, ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe. Boti hiyo ilijengwa Marekani mwaka 1989 kwa ajili ya kuvusha abiria katika maji ya Puget Sound, jimbo la Washington, na ilikuwa na miaka 23 ilipozama katika bahari iliyo wazi, msimu wa kusi. Uwezo wake ulitajwa kuwa abiria 250. Taarifa zilizotolewa baada ya ajali zilitaja watu 290, yaani watu wazima 250, watoto 31 na mabaharia 9.

Hesabu hiyo inastahili kuangaliwa mara mbili. Watu wazima walikuwa 250 kamili. Watoto 31 walikuwa juu ya idadi hiyo. Je, mtoto huhesabiwa katika uwezo wa chombo, au huhesabiwa katika nauli peke yake? Jaketi la kujiokolea la kimo chake limo? Masuali ya namna hii hayahitaji mtaalamu wa kujenga meli. Mwakilishi yeyote anaweza kuyauliza kwa maandishi, na ofisa yeyote aliyefika gatini anaweza kuyajibu.

Mwezi huo huo wa Julai, 2012, Mheshimiwa Hamad Masoud Hamad, aliyekuwa Waziri wa Miundombinu na Mawasiliano, alijiuzulu, na Rais Ali Mohamed Shein akamteua Mheshimiwa Rashid Seif Suleiman kushika nafasi hiyo. Kujiuzulu kwa Waziri kwa sababu ya jambo lililotokea chini ya Wizara yake si jambo la kila siku katika nchi hizi, na ni haki litajwe kwa heshima. Ni uwajibikaji kama unavyotakiwa kuwa. Lakini Waziri anapoondoka, ngazi ya meli hubaki pale pale, na anayesimama penye ngazi hiyo kesho yake jioni ni yule yule aliyesimama jana. Kama Baraza litahesabu kwamba kazi yake imekwisha siku barua ya kujiuzulu inapopokelewa, litakuwa limesimamia kiti na kuiacha kazi.

Kuna ugumu mwengine ambao MV Skagit iliuweka wazi. Chombo kilisajiliwa Zanzibar, kikaondokea Dar es Salaam, ambako wakati huo udhibiti ulikuwa chini ya SUMATRA, na kikazama katika maji ya Zanzibar. Mamlaka mbili za udhibiti zilihusika, na nyuma yao vyombo viwili vya kutunga sheria, Bunge la Jamhuri ya Muungano na Baraza la Wawakilishi. Kila upande unaweza kusema, na si uongo, kwamba sehemu yake ilikuwa ni nusu tu ya njia. Tangu hapo SUMATRA imevunjwa na kazi zake za majini upande wa Tanzania Bara kukabidhiwa chombo chengine, lakini njia ni ile ile. Kamati ya Baraza inayopokea taarifa ya Mamlaka ya Zanzibar peke yake imepokea nusu ya safari. Hakuna kinachoizuia kuomba pia, kupitia Wizara, hesabu ya abiria waliopanda Dar es Salaam na kuilinganisha na ya walioshuka Malindi. Ulinganisho huo ni wa karani mmoja kwa siku moja.

Serikali, kwa upande wake, ilichukua hatua ambayo wananchi wengi wanaijua. Disemba, 2015, iliwasili MV Mapinduzi II, meli mpya iliyotengenezwa Korea ya Kusini kwa fedha za Serikali, yenye uwezo wa abiria 1,200 na tani 200 za mizigo. Hapo usimamizi wa Baraza ulikuwa na kitu cha kushika mkononi, kwani palikuwa na mkataba, bei na tarehe ya kukabidhiwa. Vile vile katika Jengo la Tatu la abiria la Kiwanja cha Ndege, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2011 kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, ukasimama, na ukachukua takriban miaka kumi kukamilika. Mradi wa namna hiyo huonekana. Ukichelewa kila anayepita barabarani anauona ulivyosimama. Kuchelewa ni hasara ya fedha, na hasara ya fedha ina Mkaguzi wake.

Kinachobaki kigumu ni kile kisichoonekana katika vitabu vya mapato na matumizi, na hapa watumishi wa Serikali wanahusika zaidi kuliko Wajumbe. Jibu la Waziri haliandikwi na Waziri. Huandikwa na ofisa wa idara, hupitia kwa Mkurugenzi na Katibu Mkuu, na kila linapopita hupunguzwa namba na kuongezwa maneno. Jibu linalosema kwamba hatua zinaendelea kuchukuliwa halina kosa la kisheria, ila haliwezi kuulizwa suali la nyongeza, na huenda hiyo ndiyo sababu ya kuandikwa hivyo. Ofisa anayeandika kwamba katika mwezi fulani meli fulani ilifanya safari kadhaa, cheti chake kinaruhusu idadi fulani, na waliohesabiwa penye ngazi walikuwa idadi fulani, amempa Waziri wake jibu linaloweza kutetewa na amelipa Baraza kazi ya kufanya.

Katika jadweli ya namna hiyo safu moja ingefaa isisahauliwe kamwe: idadi ya safari zilizozuiwa. Visiwa hivi vina siku za sikukuu ambapo watu wote wanataka kusafiri usiku mmoja, na vina miezi ya kusi ambapo bahari huchafuka. Ikiwa mwaka mzima umepita na safu hiyo inasoma sifuri, Kamati haihitaji ushahidi mwengine ili imwite Mkurugenzi. Na ofisa aliyeizuia meli kuondoka, huku mwenye meli akipiga simu kwa wakubwa na abiria wakimtukana, anastahili jina la cheo chake liwemo katika taarifa hiyo, ili Wajumbe wajue nani wa kumkinga pindi akihamishwa ghafla.

Kwa upande wa wananchi, vikao vya Baraza huko Chukwani ni vya wazi na kumbukumbu zake rasmi huchapishwa. Msafiri aliyeona meli imepakia kupita kiasi anaweza kumwandikia Mwakilishi wake kwa kutaja jina la chombo, tarehe, saa na bandari, akahifadhi tiketi yake. Barua yenye mambo hayo manne inatosha kuwa suali.